Panda ya Mzee Chilumba

Ukiona panda yakutosha, jua yupo aliyeipunguza.

Ndivyo mjomba wenu alivyomwambia bwana harusi juzi, nanyi mkacheka mkidhani pilau imempanda kichwani. Sasa mnaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Endeleeni kumenya mbaazi huku mnasikiliza, maana nawajua, mkiziacha hamtazirudia. Neno hili lina kwao, na kwao ni kijiji cha babu zenu, ng'ambo ya mto Mbwemkuru, enzi za magobore.

Huko aliishi mwindaji mmoja, Mzee Chilumba, na mkewe Biti Ngaunje. Gobore, kama hamkuwahi kuliona, ni bunduki nzito ya kushindilia baruti na marisau mdomoni, na mikono mitupu haiwezi kuituliza. Penye nyasi fupi mtu hupiga goti. Lakini mashamba ya kunde ya kule yalizungukwa na nyasi za kufika kifuani, na sungura akiwa humo haonekani ila masikio, tena kwa kitambo kidogo tu, pale anaposimama kusikiliza. Kwa hiyo mwindaji alipiga akiwa wima, naye alihitaji panda, yaani fimbo ndefu iliyogawanyika juu kama panda ya manati. Aliichomeka ardhini, akalaza mtutu katikati, akatulia.

Kuchagua panda hakukuwa kuokota kuni. Mpingo ni mzito, unakuchosha kabla hujafika shambani. Mwanzi hulia ukiguswa na chuma, na sungura si kiziwi. Mti wao ulikuwa mkole, mwepesi na mtulivu. Na kila mtu alikatiwa panda yake mara moja tu, siku aliyokabidhiwa bunduki, ikapimwa kwa bega lake. Baada ya hapo haikuguswa tena na kisu.

Mwaka hata mwaka, nyasi zikikomaa na sungura wakianza kuzimaliza kunde, wawindaji walikusanyika kando ya shamba. Kila mmoja alichomeka panda yake, akalaza gobore, akaweka shavu. Shavu likifika bila mtu kunyoosha shingo wala kusimama kwa vidole, haya, msimu mwingine huo. Lisipofika, basi mgongo umeinama, na watu wa kale walisema mgongo ukiinama jicho nalo liko njiani. Mtu huyo alimkabidhi mpwa wake bunduki, akaenda kukaa na wazee. Hakuna aliyebishana na panda.

Rafiki yake Mzee Chilumba, aliyeitwa Che Mtipa, na Che kule ni kama kusema Bwana, alishindwa na panda yake mapema. Walikuwa wa jando moja hao, wamelala mkeka mmoja na kula sahani moja. Siku hiyo Che Mtipa aliirudisha bunduki akicheka, lakini mwaka mzima uliofuata alikaa barazani kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Biti Ngaunje aliyaona hayo kila alipopita kwenda mtoni, na moyo ukamuuma, si kwa ajili ya Che Mtipa peke yake.

Mzee Chilumba yeye aliendelea. Miaka kumi na mmoja baada ya mwenzake kukaa, shavu lake lilifika tu. Macho yake yalikuwa makali bado, mkewe alimpa sindano amtungie uzi. Mgongo, sema ukweli, ulikuwa unainama kama wa wenzake, ila yeye hakuuona, kwani nani anauona mgongo wake? Alichokuwa anakiona ni nyasi. Kila msimu alirudi akilalamika kwamba nyasi za mwaka huu ni ndefu kuliko za mwaka jana, zinamziba. Na kila msimu alipita kwa Che Mtipa na sungura begani kumtania kwamba wengine walizaliwa na mifupa na wengine na mihogo. Che Mtipa alicheka, akamkaribisha kahawa.

Mwaka wa kumi na mbili, binti yao Somoe aliyeolewa Nachingwea alikuwa anasubiri mtoto wake wa kwanza. Biti Ngaunje alifunga mzigo akaenda kumlea mzazi, akihesabu kwamba siku ya kupima panda itamkuta amesharudi. Mvua ya mwaka ule iliwahi. Nyasi zikakomaa mapema, na sungura hawakuwa na sababu ya kumngoja mtu.

Wawindaji wakakusanyika. Mzee Chilumba akachomeka panda yake, akalaza gobore, akaweka shavu. Halikufika. Akanyoosha shingo, halikufika. Akasimama kwa vidole, mzee mzima, mbele ya vijana aliowafundisha yeye mwenyewe. Watu wakatazama chini kwa kumwonea haya.

Aliing'oa akaigeuzageuza. Ilikuwa yake kabisa, na kamba ya ngozi kwenye maungio aliifunga kwa mkono wake. Akasema panda hairefuki yenyewe, imerogwa. Na macho yake yakatafuta mtu, yakamwangukia Che Mtipa, aliyekuja kutazama kama kawaida yake.

"Miaka yote hii unanichekea," alimwambia, "kumbe kicheko chako kilikuwa na kazi."

Che Mtipa alichukua bakora yake, akaenda zake.

Neno la namna hiyo likishatoka mdomoni hamna wa kulirudisha, wanangu. Wiki haikuisha kabla akina mama hawajaanza kuwaita watoto ndani Che Mtipa anapopita. Barazani kwake hapakukaa mtu. Kahawa ilipoa kwenye birika. Mwisho akatuma habari kwa dada yake upande wa pili wa mto kwamba atahamia huko, akaanza kufunga vyombo. Na Mzee Chilumba alikaa nyumbani, bunduki ukutani, hana sungura wala rafiki, na hasira yake haikumshibisha.

Biti Ngaunje alirudi siku hizo na habari njema za mjukuu. Wanawake wakampa habari mbaya njiani. Alipofika hakuketi wala hakunywa maji. Aliingia jikoni, akapanda darini, akashuka na kikapu kidogo cha ukindu chenye vumbi, akakimimina mkekani mbele ya mumewe. Vikatoka vipande vya mti, vifupi vya upana wa kidole, kumi na kimoja.

"Nini hivi?" mumewe aliuliza.

"Ni panda yako, Baba Somoe."

Akamweleza. Kila mwaka, Ijumaa moja kabla ya siku ya kupima, mumewe akiwa msikitini, Biti Ngaunje aliitoa panda ukutani na kuikata upande wa chini, ule unaoingia ardhini. Kisha aliibabua kidogo motoni na kuipaka udongo isionekane mpya. Kidole kimoja kwa mwaka, kadiri mgongo ulivyoinama. Vipande hakuweza kuvitia motoni, hata mwenyewe hajui kwa nini.

Mzee Chilumba akavipanga kimoja baada ya kingine mkekani. Vilitoka kiganjani vikamfika kwenye kiwiko.

"Kwa hiyo nyasi hazikurefuka," akasema.

"Hazikurefuka."

"Ungeniambia, mke wangu."

"Ukipata sungura ulikuwa unaimba kuanzia kule mtoni," alisema Biti Ngaunje. "Mimi niko jikoni nakusikia. Nilitaka niendelee kukusikia. Sikujua mzigo utakuja kumwangukia Che Mtipa. Hilo kosa langu, twende nikamwambie."

Mzee Chilumba alilia, na hakujificha. Kisha akasema kilichomwumiza Che Mtipa si kisu, ni ulimi, na ulimi una mwenyewe. Akavikusanya vile vipande kwenye kofia yake, akatoka peke yake.

Alimkuta Che Mtipa anafunga kamba kwenye kitanda chake. Akaketi chini, kwenye udongo, akaiweka kofia katikati yao, akamweleza yote na kumwomba radhi. Che Mtipa alichukua kipande kimoja akakitazama.

"Pengine ndicho hiki," alisema. "Mwaka ule wa mafuriko nilikuja kwako kuazima shoka. Nikamkuta shemeji nyuma ya jiko anakata. Nikarudi kimyakimya bila shoka."

"Ulijua? Nami nakuita mchawi mbele ya watu, na bado ukanyamaza?"

"Ningesema, ningemwaibisha mkeo naye hayupo wa kujieleza. Kiburi chako nakifahamu tangu jandoni, Che Chilumba, kimenizoea nami nimekizoea." Akakirudisha kipande kofiani. "Haya, nishikie upande huo wa kitanda tukirudishe ndani. Umenichelewesha kunywa kahawa."

Kesho yake Mzee Chilumba aliwaita wawindaji wote kando ya shamba, na wazee, na akina mama waliokuwa wakiwaficha watoto. Alikwenda na Che Mtipa bega kwa bega. Akawaonyesha vile vipande, akasema panda haikurogwa, ilipendwa. Aliyerogwa ni yeye, na majivuno yake. Akamkabidhi mpwa wake lile gobore. Mpwa, kijana wa miraba minne, akachomeka panda yake mpya kwa mbwembwe, akaweka shavu, likafika barabara, akatabasamu.

"Usicheke sana," mjomba wake akamwambia. "Ukiona panda yakutosha, jua yupo aliyeipunguza. Kaulize nyumbani ni nani."

Watu wakalichukua neno hilo, mpaka leo likawafikia ninyi na mbaazi zenu. Wengi huishia hapo wanapolisimulia. Mimi bibi yangu aliniongezea kidogo.

Mwaka uliofuata, Biti Ngaunje alikuwa uani anatwanga mahindi. Mchi wake ulikuwa wa mpingo, mzito, wa tangu alipoolewa, na miaka ile ya mwisho alikuwa akitwanga nao huku akipumzika, na usiku mabega yanamwuma. Siku hiyo alimaliza kinu kizima bila kusimama. Akaushika mchi akauangalia.

"Baba Somoe, mchi huu siku hizi hauniumizi."

"Labda nguvu zimekurudia," alijibu mumewe bila kuinua uso. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anatengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa na ubovu wowote, na msuli aliovaa ulikuwa na vumbi jeusi la mpingo magotini.

Biti Ngaunje aliliona vumbi. Akaongeza mahindi kinuni, akaanza kutwanga, na safari hii aliyekuwa anaimba alikuwa yeye.

Ukiona panda yakutosha, jua yupo aliyeipunguza.