Jina Langu Dukani kwa Mkwizu

Mimi mnayeniita Jemadari niliwahi kutetemeshwa na kitambulisho changu mwenyewe. Nilikwenda kwa Mkwizu kununua risasi za kufukuzia nguruwe shambani. Mkwizu alikuwa na duka kubwa na mdomo mkubwa zaidi: kila kitambulisho alikisoma kwa sauti mpaka barabarani wasikie. Nyuma yangu alisimama Mzee Nyoni, baba wa mchumba wangu, aliyenijua kwa jina la Jemadari tu. Na kitambulisho changu kiliandikwa Jalala, jina nililopewa ili kifo kinidharau, maana ndugu zangu wote walionitangulia walikufa wachanga.

"Lete kitambulisho, Jemadari!"

Nikakitoa, kisha nikatoa karatasi na kalamu, nikaanza kuandika huku nimefunika kwa kiganja.

"Unaandika nini?"

"Wewe soma tu, bosi. Paza sauti. Mwenzako wa mtaa wa pili alitangaza siri za wateja hivyohivyo, leo duka lina kufuli la serikali."

Kalamu ikazidi kukimbia. Mkwizu akanakili jina daftarini kimyakimya, akanirudishia kitambulisho kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia mkwe, nikatoka kifua mbele na risasi zangu.

Nje niliichana karatasi upesi. Siku hizo nilijua kuandika neno moja tu, nami nilikuwa nimeliandika mara kumi na nne: Jalala.