Shimo la Feruzi na Gurudumu la Sultani

Hapo zamani, motokaa zilipokuwa bado kitu cha wafalme peke yao, Sultani Haidari wa Mkolani alijipatia gari la mbio, jekundu, fupi, lililokaribia kulamba ardhi. Lilikuwa na viti viwili tu, chake na cha Waziri. Basi busati alilozoea kutandikiwa kila ashukapo likakosa nafasi, likaachwa kasrini.

Walipofika mtaani kwa Feruzi, fukara asiye na kitu ila ulimi, gurudumu la mbele likatumbukia shimoni, mbele kabisa ya kibanda chake. Mpira ulisalimika, lakini ringi ilipinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa na punda. Sultani akaghadhibika, akasema shimo ni la mwenye kibanda. Akaamuru Feruzi alitengeneze gurudumu kabla ya jua kuchwa, ama sivyo kibanda kivunjwe. Feruzi akaingiwa na hofu, kwani ndicho alichoachiwa na mama yake, na hakuwa na pengine pa kulaza ubavu.

Akaomba kwa adabu Sultani ashuke, gari liinuliwe.

"Sishuki," akasema Sultani. "Mguu wangu haukanyagi udongo mtupu. Wala sitainuliwa humu nilimo. Katika ukoo wetu mfalme huinuliwa na raia siku moja tu, siku ya jeneza lake."

Waziri akaitikia kwa kichwa. Askari waliowafuata kwa farasi wakaanza kukitazama kibanda, wakipima pa kuanzia, na hilo likamuudhi Feruzi kuliko amri yenyewe.

Basi akaingia ndani, akatoka na jembe na mafiga yake matatu. Mafiga akayakaza chini ya tumbo la gari, kisha akachimba chini ya gurudumu mpaka likaning'inia. Gari halikupanda hata unywele. Akafungua nati kwa spana ya gari lenyewe, akalivuta gurudumu, akailaza ringi juu ya gogo, akaigonga kwa mchi wa kutwangia, taratibu, hata ikarudi duara. Akalifunga mahali pake.

Sultani akachungulia. Gurudumu zima, lakini chini yake shimo kubwa kuliko lile la kwanza.

"Umechimba barabara yangu," akasema. "Hujui kuwa ni kosa?"

Feruzi akainama. "Maulana, barabara ikiwa yenu, basi na shimo la kwanza lilikuwa lenu. Na likiwa langu lile, hili nalo ni langu, na mtu hakosi kwa kupanua kilicho chake."

Waziri akatazama pembeni. Sultani akajaribu kununa, akashindwa, akacheka hata kilemba kikamshukia machoni. Akakiri kuwa mashimo ni yake, la kwanza na la pili, na kibanda kisiguswe. Kisha akaamuru askari wafukie, na Waziri avue joho awasaidie. Ikawa mtaa mzima umetoka kumtazama Waziri akishindilia udongo kwa miguu, na wanawake wakamfundisha namna ya kukanyaga.

Sultani akamwambia Feruzi aombe zawadi yoyote aitakayo.

"Sitaki mali, Maulana," akasema Feruzi. "Ijumaa piteni njia ya kisimani. Nayo ina mashimo."

Sultani akaahidi. Waziri, udongo ukiwa umemfika magotini, akaomba ruhusa ya kuugua Ijumaa hiyo.