Tikitimaji la Kumtunza Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walikuwa wakiosha vyombo na kupeleka watoto shule kama sisi, Kiboko alikuwa na jumba la opera kando ya mto. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yote huimbwa. Hata mtu akiomba chumvi, anaiomba kwa kuimba.

Kwa miaka mingi Kiboko aliimba kwa sauti ya mlango uliokosa mafuta. Wanyama walikwenda kumsikiliza kwa kumwogopa tu. Kisha siku moja sauti yake ikawa tamu, nyembamba, inapanda na kushuka kama maji ya kijito. Nchi nzima ikashangaa.

Wiki hiyohiyo Mama Kurumbiza, ndege aliyekuwa akiimba kila alfajiri, alitoka kumtafutia mwanawe wadudu, asirudi.

Mwanawe, Tiriri, aliendelea kuja shule, lakini hakula. Wenzake walimmegea vitafunio vyao wakijifanya wameshiba. Nungunungu mdogo, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa akilaza miiba yake yote ili Tiriri apate pa kuegemea.

Mwalimu wao alikuwa Kindi, mdogo wa mwili, mwepesi wa miguu. Aliyaona hayo yote, na moyo haukumtulia. Alikuwa na shaka yake, kwa kuwa tangu sauti ibadilike Kiboko aliimba mbele ya pazia lililofungwa daima. Lakini nani angethubutu kumwambia Kiboko afungue pazia lake? Angekanyagwa palepale, na Tiriri angekosa mama, akose na mwalimu.

Basi akaenda kwa Kiboko kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema upesi, nina mazoezi."

"Nataka kuleta darasa langu litazame opera, kisha watoto waihakiki."

Kiboko akakunja uso. "Waihakiki vipi?"

"Waseme walichoona na walichosikia, mbele ya watazamaji wote. Watoto hawajui kujipendekeza, mzee. Wao wakikusifu, nani atabisha?"

Kiboko akatabasamu hadi meno ya nyuma yakaonekana. "Walete. Lakini wakae mbali na pazia langu. Atakayelisogelea nitamkalia."

"Watakaa mbali. Ila tukipendezwa, turuhusu tukutunze."

Kutunza mnakujua, wanangu. Mmeona harusini: mwimbaji akinoga, mtu huinuka akaenda kumpa zawadi katikati ya wimbo, naye huipokea huku akiendelea kuimba. Kuikataa ni kumwaibisha aliyeileta.

"Mtanitunza nini?" Kiboko akauliza.

"Tikitimaji."

Kiboko akameza mate. "Lililoiva?"

"Lililoiva, mzee."

Darasani, Kindi akawagawa watoto makundi mawili. "Ninyi ni Masikio. Mtafumba macho, msikilize tu. Na ninyi ni Macho. Mtaziba masikio, mtazame tu, tena mtazame mdomo wa mwimbaji. Msihangaike na kilemba wala shanga."

"Tukiona kibaya tuseme?" akauliza mtoto wa Ngiri. "Kiboko ana meno kama michi, mwalimu."

"Semeni mlichoona. Msiongeze, msipunguze. Mimi nitakuwa mbele yenu."

Alisema hivyo, lakini mkia wake ulikuwa ukitetemeka. Watoto waliuona, wakajifanya hawakuuona.

Kisha akamwita Tiriri kando. "Mwanangu, wewe utakuwa Sikio. Huko unaweza kusikia kitu kikakuliza. Usitoe sauti mpaka nikuulize umesikia nini. Utaweza?"

"Kitu gani, mwalimu?"

"Sina hakika. Ndiyo maana sikuambii."

"Nitaweza."

Siku ya mchezo jumba lilijaa pomoni. Tembo alikaa mstari wa mbele. Kiboko akatokea, du, du, du, amevaa kilemba chekundu, akasimama mbele ya pazia na kufungua mdomo.

Sauti ikatoka: "Wangu wa moyo, umelala na nani bila mimi?"

Tiriri akashtuka. Manyoya yalimsimama yote, mdomo ukaanza kufunguka. Kindi akaona. Neno moja tu la yule mtoto, Kiboko angejua, na pazia lisingefunguliwa tena.

Nungunungu, macho yamefumbwa, alisikia tu mwenzake anatetemeka. Akapapasa, akamvuta kwenye tumbo lake, pasipo na mwiba hata mmoja. Tiriri akajikunja hapo, akaizuia sauti kooni.

Kindi hakungoja tena. Akainuka na kulibingirisha tikiti, bingiri, bingiri, mpaka jukwaani.

"Pokea, mzee. Usituaibishe."

Kiboko hana mkono wa kupokelea. Angepokea kwa nini, kama si kwa mdomo? Akaupanua. Tikiti likaingia lote, pwa, maji yake yakamchuruzika kidevuni.

Na wimbo ukaendelea.

"Wangu wa moyo, umelala na nani bila mimi?"

Aliyekuwa nyuma ya pazia hakuweza kuona kilichotokea mbele. Kiboko akataka kutema, lakini tikiti lilikuwa limenasa kwenye meno. "Mmf," akasema. Wimbo ukapanda juu zaidi.

Kindi akawapungia Macho wazibue masikio yao.

"Wahakiki wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Macho, mmeona nini?"

"Tumeona mdomo wake umejaa tikiti."

"Masikio, mmesikia nini?"

"Tumesikia wimbo haujakatika."

"Na wewe, Tiriri?"

"Nimemsikia mama."

Hapohapo wimbo ukakatika.

Tembo akanyoosha mkonga, akalivuta pazia chini. Nyuma yake palikuwa na tenga lililofunikwa gunia, na ndani ya tenga, Mama Kurumbiza, amekonda.

"Alisema nikinyamaza atakikanyaga kiota," akasema. "Na mwanangu yumo."

Tembo akalifungua tenga, Tiriri akamkimbilia mama yake, na wanyama wote wakageuka kumtazama Kiboko. Naye akatimua mbio mpaka mtoni, akatumbukia, chubwi. Hata leo hushinda majini, ametokeza macho na pua tu, anachungulia kama bado anatazamwa.

Kindi akakaa chini. Tiriri akatoka chini ya bawa la mama yake, akamjia.

"Mwalimu," akasema, "nina njaa."

Watoto wote wakafungua mikoba yao kwa pamoja.

Nanyi, wanangu, mkipelekwa kutazama jambo, semeni mlichokiona kweli, maana huenda yupo aliyefichwa anayengoja mseme.