Mdai Asiyebisha Hodi

Wamesimulia wapokezi wa habari za waja wema, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji wa Kufa aliishi mtia rangi nguo mmoja aliyeitwa Mundhiri bin Kulaibu. Alikuwa mtu wa sala tano na wa kazi safi, na mikono yake ilikuwa ya buluu hadi viwikoni kwa wingi wa nili. Mnamo tarehe 12 Safar mwaka 228 wa Hijria, sawa na mwaka 842 wa Miladi, moto uliingia katika karakana yake, ukala paa, ukala kuni, ukala na nili yote ambayo alikuwa bado hajailipia. Mitungi yake mikubwa ya kutilia rangi ndiyo tu iliyosalimika.

Ulipopoa moto, Mundhiri alijikuta anadaiwa dirhamu mia nne na hamsini. Mia tatu zilikuwa za Jahdari, mfanyabiashara wa nili, tisini za mwenye nyumba, na sitini za muuza kuni. Hakuna aliyekubali kumwongezea hata dirhamu moja ya kuanzia upya, isipokuwa ajuza mmoja wa mtaani, Bi Rabwa bint Harithi. Bi Rabwa alikuwa mjane aliyesokota sufi ya watu kwa ujira, na kwa muda wa miaka kumi na saba alikuwa ameweka dirhamu mia na ishirini za kwendea Hija. Kaka yake, Ziyadi, aliyekuwa mwongozaji wa ngamia katika misafara ya mahujaji, ndiye angekuwa maharimu wake wa kumsindikiza safarini. Bi Rabwa alimkabidhi Mundhiri mfuko mzima, bila hati wala shahidi.

"Zichukue, mwanangu," alimwambia. "Utanirudishia kabla msafara wa mwaka huu haujaondoka."

Mundhiri alikwenda kutaka ushauri kwa imamu wa mtaa, Shekhe Mukhalladi. Shekhe alimwamuru aandike majina yote manne katika karatasi moja, kisha akasema, "Usikope kwa huyu ukamlipe yule. Kula chakula kimoja mchana, na kinachobaki kipeleke kwenye deni siku hiyo hiyo, kisilale kwako. Na uanze na mnyonge wao, Mundhiri, hata kama hasemi. Mwenye nguvu atangoja huku anapiga kelele, lakini atangoja."

Mundhiri aliyashika yote hayo isipokuwa la mwisho.

Hakulishika kwa sababu sheria ya mji ule ilimruhusu mdai kumwandama mdaiwa wake kila aendako, akae naye anapokaa na asimame anaposimama, mpaka alipwe. Jahdari aliitumia haki hiyo kikamilifu. Alileta zulia lake, akalitandika mlangoni pa karakana, akawa anawaamkia wateja kabla ya Mundhiri mwenyewe. Mundhiri akienda sokoni, wako wawili; akienda kuzika, wako wawili; akienda hamamu, Jahdari huketi nje akipaza sauti.

"Oga taratibu, ndugu yangu, usiwe na haraka! Nakulindia viatu. Hata hivyo, cha kushoto ni changu tayari, nalinda hicho cha kulia tu."

Watu walicheka, na kila kicheko kilimwingia Mundhiri kama sindano. Msikitini alisimama safu ya nyuma kabisa, na pembeni yake, bega kwa bega, alisimama Jahdari. Akisujudu, hasikii tasbihi yake mwenyewe, husikia pumzi za mdai wake.

Basi kila dirhamu aliyoipata aliitia mkononi mwa Jahdari, apate kupumua. Ilipofika mwezi wa Rajabu mwaka 229 zilitimia mia tatu, na zulia likakunjwa. Mundhiri alidhani amefika pwani, kumbe mwenye nyumba na muuza kuni walikuwa wakitazama. Walikwisha kuona kwamba anayeandama ndiye anayelipwa, nao wakaleta mazulia yao. Hao nao wakalipwa, wa mwisho wao katika Shaabani ya mwaka 230.

Bi Rabwa hakuja. Wakikutana njiani alimuuliza hali ya wanawe na kumwombea baraka, kisha akapita. Mundhiri aliuchukua ukimya ule kuwa ni nafasi. Alijiambia kwamba yule mama hana haja ya haraka, kwani angekuwa nayo si angesema? Misafara ya mwaka 228, 229 na 230 ikaondoka Kufa, naye akazisikia kengele za ngamia akiwa ameinamia mitungi yake.

Tarehe 3 Shawwal mwaka 231, Mundhiri alizifunga katika kitambaa dirhamu themanini, ambazo safari hii aliziacha zilale kwake maana hakuna aliyezijia mlangoni, akaenda nyumbani kwa Bi Rabwa akiwa na furaha ya mtu anayekaribia kumaliza. Alifunguliwa mlango na Ziyadi. Mama alikuwa amelala juu ya jamvi, miguu imevimba imekuwa kama magogo, na kijiti chake cha kusokotea sufi kimewekwa juu ya rafu.

"Karibu, mwanangu. Hujambo? Watoto je?"

"Hatujambo, mama. Nimekuletea themanini. Arubaini zilizobaki nitazileta mwakani, inshallah."

Ziyadi aligeuza uso ukutani. "Mwakani!" alisema. "Miaka mitatu dada yangu anafunga mzigo wake, anakwenda kuketi penye uwanja wa msafara tangu alfajiri. Nikimwambia njoo kivulini, jua linakuunguza, ananijibu: labda Mundhiri yuko njiani. Ngamia wa mwisho akiondoka, ndipo ananyanyuka."

Mundhiri alikitua kitambaa jamvini. "Mama, mbona hukunidai? Ungesema neno moja tu!"

"Niliamini kwamba kumpa muhula mwenye dhiki ni ibada," alijibu Bi Rabwa. "Nikaogopa kukudai, nisije nikaipunguza thawabu yangu. Na wewe, kwa nini hukuleta?"

Hapo Mundhiri angeweza kutaja moto, au watoto, au uchache wa kazi. Lakini alisema kweli. "Kwa sababu Jahdari alinitia aibu mbele za watu, na wewe hukunitia. Niliwaogopa watu, mama."

Ajuza alifumba macho. "Basi lete hizo arubaini msafara haujatoka. Sikusamehe hata moja, kwa kuwa si zangu tena, ni za nyumba ya Mola wangu. Mimi sitasimama tena kwa miguu hii. Ziyadi amekwisha kuhiji kwa ajili ya nafsi yake. Mwaka huu ataacha ujira wa ngamia, ahiji kwa niaba yangu. Fedha ikitimia, atakwenda. Isipotimia, nimekufa sikuitika wito."

Msafara ulipangwa kuondoka tarehe 15. Mundhiri alibisha milango kumi na minne, hakupata kazi wala mkopo. Tarehe 11 alikuja Jahdari, safari hii bila zulia, nyuma yake mpagazi na majora ishirini ya nguo.

"Nasikia unatafuta arubaini, na mimi ninazo. Zitie maganda ya komamanga, kisha nili kidogo juu juu, zing'are. Nitawauzia mahujaji kuwa ni nili tupu."

"Zikifuliwa zitachujuka."

"Zitachujukia jangwani, rafiki yangu! Nani atarudi kutoka huko kuja kukulalamikia wewe?"

Mundhiri aliishika nguo ya juu. Safari hii hakuitaka fedha kwa ajili ya tumbo lake, aliitaka kwa ajili ya Hija ya mama mnyonge, na shetani humjia mcha Mungu akiwa amevaa kanzu ya ibada.  Mwishowe akairudisha nguo juu ya kichwa cha mpagazi.

"Sitamnunulia Hija kwa ulaghai," alisema. "Lakini ninunulie mitungi yangu."

"Mitungi? Ina thamani ya mia."

"Naijua thamani yake."

"Nakupa arubaini," alisema Jahdari, akitabasamu.

Tarehe 14 Shawwal dirhamu mia na ishirini zilitimia juu ya jamvi la Bi Rabwa. Alizihesabu mwenyewe, moja moja, akamkabidhi Ziyadi. Mundhiri alipiga magoti.

"Nisamehe, mama."

Ajuza alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa nzito kuliko laana. "Mali yangu umeniletea, nimeshuhudia, huna deni la fedha kwangu. Miguu yangu hukuileta. Hilo niache nikaliseme mbele ya Mola wangu, nami sijui nitalisema vipi."

Ziyadi aliondoka siku ya pili yake. Bi Rabwa alifariki dunia tarehe 2 Dhulhijja, siku saba kabla ya kisimamo cha Arafa. Mundhiri aliishi miaka ishirini na miwili baada yake, kibarua wa Jahdari, akichovya nguo katika mitungi iliyokuwa yake. Hakudaiwa na mtu yeyote. Watu walipompongeza kwa hilo aliinamisha kichwa, akaendelea kuchovya.

Basi ewe ndugu unayedaiwa, Mola akufungulie njia. Unapokaa kuandika majina ya wadai wako, usianze na yule aliyetandika zulia mlangoni kwako. Jiulize kwanza ni nani hajaja, na anaketi wapi sasa hivi akikungoja.