Mkaratusi wa Mama Natanaeli

Mfano huu aliutoa kwa mara ya kwanza mwinjilisti Zefania Shemweta, Jumapili ya mavuno, Oktoba 1991, mbele ya watu wazima waliobaki kanisani baada ya watoto kuruhusiwa kutoka. Alikuwa ameombwa aseme juu ya sadaka. Hakusema juu ya sadaka.

Palikuwa na fundi wa miti katika vilima vya Lushoto, jina lake Hoza. Kazi yake ilikuwa kupunguza matawi yaliyoelemea nyumba na kuangusha miti iliyokuwa karibu mno na watu. Alikuwa na ngazi mbili, mikanda ya kupandia, kapi la chuma, kamba nene za katani, na msumeno wa injini alioununua kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa. Alikuwa pia na Kaniki, mpandaji wa makamo, ambaye alikuwa akiuzunguka mti mara tatu kabla ya kuugusa.

Mwanzoni Hoza alitoza bei ya mti mzima. Alikuja, akatazama mwelekeo wake, udongo wake na kilicho chini yake, kisha akataja bei. Watu walimchosha. Kila alipotaja bei waliuliza, “Na hili tawi moja tu, ni kiasi gani?” Akieleza kwamba tawi moja haliondoki bila kubadilisha uzito wa mti wote, walimwona mjanja wa maneno. Mwaka mmoja, baada ya kubishana asubuhi nzima na mtu aliyetaka nusu ya tawi, alirudi nyumbani, akachukua ubao, akauandika kwa rangi nyeusi na kuutundika langoni: BEI NI KWA TAWI. Mzizi nao aliuhesabu kama tawi.

Tangu siku hiyo hakubishana tena na mtu. Kazi ziliongezeka hata akaunda kikosi cha pili. Kaniki ndiye aliyenuna. Alisema siku hizi wanafanya kazi kama vinyozi wanaonyoa upande mmoja wa kichwa kwa sababu mteja amelipia upande mmoja.

Basi kulikuwa na mjane aliyeitwa Mama Natanaeli. Marehemu mumewe alikuwa amepanda mkaratusi nyuma ya nyumba, juu kidogo kwenye mteremko, na mti ulikuwa umekua kuliko mwingine wowote kijijini hapo. Alipokufa, shamba liligawanywa kwa watoto watatu, na mipaka ya viwanja vyao ikakutana pale penye shina. Mama alibaki katika nyumba ya zamani, chini ya mti, bila kiwanja cha kwake.

Wa kwanza kufika kwa Hoza alikuwa Natanaeli, mkubwa wao. Majani yalikuwa yakiziba mfereji wa maji kwenye bati zake mpya. Alitaka matawi manne ya upande wa juu yaondoke. Hoza aliyakata, akalipwa. Mwezi uliofuata alikuja Rebeka. Kivuli kilikuwa kinadumaza kabichi zake upande wa kulia. Hoza akarudi na ngazi zilezile, kamba zilezile, akakata matano. Alipokuwa akikunja kamba, Mama Natanaeli alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga. Alitazama juu kwa muda mrefu.

“Mwanangu,” akasema, “na hili la huku linaloniangalia mimi?”

Hoza alilijua tawi hilo. Lilikuwa nene kama pipa, na baada ya kazi ya siku mbili zile ndilo lililobaki likiuvuta mti wote kuelekea kwenye nyumba. Ilikuwa kazi ya nusu siku. Akamjibu kwamba atawauliza watoto.

Akawauliza kweli. Natanaeli alisema, “Mwambie Rebeka, yeye ndiye anayekamua ng'ombe wa mama na kunywa maziwa.” Rebeka alisema, “Mzee Hoza, mimi ni mtoto wa kike, nimeolewa. Nyumba ya mama inamhusu kitinda mimba, nenda kwa Yoeli.” Yoeli alicheka. Alisema kaka yake ana bati mpya na dada yake ana kabichi, yeye ana msingi wa nyumba ambao haujafika hata dirishani, sasa alipe nini? Hoza alipanda na kushuka mteremko ule mara tatu kwa siku moja, na kila alikofika alionyeshwa mlango wa mwingine. Jioni aliketi kwenye gogo, miguu ikimuuma, akaamua kwamba tawi lile halina mwenyewe. Akamwambia mama, “Sijapata wa kulilipia.” Mama akasema haya, asante.

Mvua za masika zilipokaribia, Yoeli alikuja. Mizizi miwili ya mkaratusi ilikuwa imepita katikati ya msingi wake, upande wa juu, naye alitaka ikatwe. Hoza alimwita Kaniki. Kaniki alikwenda, akauzunguka mti mara tatu kama kawaida yake, akapiga goti pale palipochimbwa, akaitazama mizizi jinsi ilivyokaza. Kisha akavua mkanda wa kupandia na kuuweka juu ya ngazi.

“Bosi, mti haujui mipaka ya viwanja vyao,” akasema. “Hii ndiyo inayoushikilia. Mimi simo.”

Hoza alikasirika, na alikasirika zaidi kwa kuwa alijua anachoambiwa. Alikuwa amechoka na familia ile, amechoka kuwa mtu pekee anayeuona mti wote huku akilipwa na watu wanaoona vipande. Akasema moyoni kwamba amewauliza, wamekataa, na hatia si yake. Akakiita kikosi cha pili. Mizizi ilikatwa kabla ya saa sita, naye akalipwa kama matawi mawili.

Mti ulisimama siku kumi na nane. Siku ya kumi na tisa, asubuhi, udongo ukiwa umelowa, ulilala polepole kuelekea chini. Tawi lile lililokuwa likimwangalia mama ndilo lililotangulia kufika. Lilivunja paa la jiko, na Mama Natanaeli, aliyekuwa akichochea moto, akabanwa nyonga chini ya boriti, tawi likiwa juu ya boriti.

Hoza alifika na kila chombo alichokuwa nacho. Kaniki alikuwa kazini ng'ambo ya bonde, na kikosi cha pili kilikuwa bado hakijafika. Aliwakuta watoto wote watatu wamesimama mvuani, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona mahali pamoja. Ndani mama alikuwa anagumia.

“Kulitoa hili ni bei gani?” Natanaeli akauliza.

“Limeangukia jiko,” Rebeka akasema, “na jiko alijenga Yoeli.”

“Mti haukuwa wangu peke yangu,” Yoeli akasema.

Hoza alifunga kapi kwenye mparachichi uliokuwa mteremkoni, upande wa juu wa nyumba, akapitisha kamba, akaizungusha kwenye tawi lililomlalia mama, akarudi na ncha yake mpaka pale waliposimama.

“Shikeni kamba, nyote watatu.”

Wakashika. Mmoja akilegeza, uzito wote ungerudi juu ya mama yao. Hoza alikata kwa msumeno kipande kwa kipande, kwa muda wa saa nzima, na hakuna aliyeuliza sehemu yake inaishia wapi. Walipomtoa mama, katani ilikuwa imechuna viganja vyao. Walimbeba kwa machela hadi barabarani. Hoza hakudai kitu siku hiyo, na hakuna aliyekumbuka kumpa.

Hapo ndipo mwinjilisti Shemweta alipoishia. Watu walidhani ataeleza mti ni nini na kamba ni nini. Hakueleza. Aliwauliza jambo moja: “Siku ile mama alipouliza habari za tawi la kwake, nani alikuwa wa kumjibu?” Kisha akaketi.

Watu wa mfano huo walikuwa watu wa kweli. Mama Natanaeli alitembea kwa gongo miaka saba, akafa. Natanaeli amekufa, na Kaniki amekufa. Rebeka na Yoeli wako hai, na hawasemezani. Hoza naye yu hai, ana miaka themanini na mbili; ukimuuliza bei ya kukata mti, anauliza kwanza nani analala chini yake.