Kete ya Kasimiri

Wapo watu wanaodhani uongo mdogo haumli mtu. Wahenga waliwaonya mapema kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, yaani mtego unaowategea wenzio huenda ukakunasa wewe. Kornelio wa Mtoni, Temeke, aliisikia methali hiyo tangu utotoni, akaipa kisogo.

Miaka ile baada ya Azimio la Arusha, Kornelio alikuwa katibu wa kikundi cha bao kilichokutana kila Jumamosi jioni barazani kwa Mzee Bakari. Wanachama wengi walikuwa watu wa kusini waliokuja mjini peke yao, hawana mke wala ndugu. Kwa hiyo walijiwekea desturi. Kila mmoja alichonga alama yake kwenye kete moja, akatembea nayo mfukoni, na akifika barazani aliitumbukiza kwenye chungu kilichowekwa hapo. Jua likikaribia kuzama kete zilitazamwa. Ambaye yake haikuonekana alifuatwa huko huko aliko, awe mgonjwa, awe mzima.

"Sie hatuna mama hapa mjini," Mzee Bakari alipenda kusema. "Mama yetu ni hiki chungu."

Basi tawi la chama likatangaza kwamba kikundi chenye mahudhurio kamili ndicho kitakachocheza siku ya Saba Saba. Kornelio alishikwa na uchu wa kuketi mbele ya umati akiwa nahodha, na watoro wakamkera kama mchanga kwenye wali. Akachonga kwa siri kete bandia zenye alama za wenzake. Asiyefika, yeye alimtumbukizia.

"Kwani namdhuru nani?" alijiuliza, akajiridhisha.

Jumamosi moja Kasimiri hakufika. Huyu alikuwa mchimba mchanga, na shimo lake lilikuwa nyuma tu ya minazi ya Mzee Bakari. Kornelio akatumbukiza kete bandia yenye alama yake ya samaki, watu wakaonekana wametimia, mchezo ukaendelea kwa vicheko. Kumbe wakati huo ukingo wa shimo ulikuwa umemporomokea Kasimiri. Alipofukuliwa keshokutwa yake, kucha zake zilikuwa zimekatika kwa kuhangaika. Kiganjani alikuwa amefumbata kete yake.

"Mbona kete hii juzi ilikuwa chunguni?" Mzee Bakari aliuliza.

Kornelio akadakia. "Mzee, itakuwa mzimu wake ulikuja kucheza. Hata mie jana nilisikia sauti ikiniita toka humu shimoni. Jamani, akiita mtu huku, msiitike!"

Hofu ikaingia mtaa mzima. Kasimiri akazikwa na kete yake, na Kornelio, japo aibu ilimtafuna hadi usingizi ukamruka, hakusema kweli.

Jumamosi iliyofuata aliona hawezi tena kukaa na ile kete bandia. Kila alipoigusa mfukoni ilikuwa na unyevu, kama kitu kilichotoka ardhini muda huo huo. Akaamua kwenda kuizika kule shimoni. Mzee Bakari alipokuwa bado msikitini, Kornelio alitangulia kuweka kete yake mwenyewe chunguni, asije mtu akauliza aliko, kisha akapenya minazini.

Alipoinama tu ukingoni, mchanga ukamkimbia miguuni. Aliporomoka hadi chini, na mchanga ukamfuata, ukamfunika hadi kifuani. Kukawa kimya. Kisha, chini ya nyayo zake, akasikia mkwaruzo wa koleo, taratibu, kama mtu aliye kazini.

Upepo ukamletea sauti ya Mzee Bakari kutoka barazani, akikagua kete.

"Ya Kornelio?"

"Ipo, mzee."

"Basi tumetimia."

"Nisaidieni!" Kornelio alipiga kelele, lakini kifua kilichobanwa kilitoa sauti nzito, ngeni hata masikioni mwake. "Jamani, nakufa!"

Barazani vicheko vilikatika ghafla. Anselmo, kijana ambaye Kornelio mwenyewe alimfundisha bao, alisema, "Mzee, Kasimiri anaita."

"Msiitike," Mzee Bakari alijibu. "Katibu alituonya."

Kornelio alilia kwa majuto aliyoyachelewesha. Mchanga ulishafika kidevuni, na huko barazani kete zilianza tena kugongana ubaoni. Kweli, mchimba kisima huingia mwenyewe.