Wimbo wa Bibi Yake Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa bwawa.
La nani?
Tulieni, ndiyo hadithi yenyewe.

Hapo kale aliishi Sange, mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia. Wenzake walilima, walifuma, walijenga. Yeye kazi yake ilikuwa kuuliza. Alimuuliza Swala kwa nini hupiga kwato kabla ya kunywa. Alimuuliza Kobe bibi zake waliimba nini msibani. Akauliza, akasikiliza, akaenda zake, tik-tik-tik.

"Hayo majibu yako hupikwa na nini?" Nguchiro alimtania.

"Hukaa tu," Sange akasema. "Hayaozi."

Mwaka mmoja jua liliwaka, vijito vikakauka, likabaki bwawa moja. Tubwi! Kiboko akajilaza mlangoni pa bwawa, pale wanaposhukia wote. Akatangaza kwamba bwawa lilichimbwa na babu yake, basi anayetaka kunywa amletee nusu ya mavuno. Maboga yakarundikana ukingoni kama kichuguu. Watoto wa Swala, wasio na shamba, wakawa wanalamba umande.

Sange akaenda, akainama.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Nimeleta habari, mzee. Wenzetu wananong'ona kwamba bwawa si lako."

Kiboko akafura, puuu! Sange akamweleza taratibu kwamba minong'ono haikomeshwi kwa meno, hukomeshwa kwa ushahidi. Kila ukoo una wimbo wake wa siku bwawa lilipochimbwa. Ampe maboga ya njiani, naye atazunguka nchi nzima azikusanye nyimbo hizo. Kisha zitaimbwa mbele ya wote, na zitakalosema ndilo litakalofuatwa.

"Na zikisema ni la babu yangu?"

"Basi hata umande utakuwa wako."

Hilo la umande Kiboko akalipenda mno. Akaapa mbele ya wote.

Sange akala boga, akawaachia watoto wa Swala jingine, akaondoka. Akauliza, akasikiliza, akaenda zake, tik-tik-tik. Wimbo wa kina Swala ulisema kwato zao zililegeza udongo. Wimbo wa kina Kobe ulisema waliubeba mgongoni. Lakini nyimbo zote zilikomea mahali pamoja: jioni kazi ilipokwisha, mtu akabisha hodi. Nani? Hakuna aliyejua. Pua ya Sange ikacheza. Ukoo wa aliyebisha ndio utakaokuwa unakumbuka.

Siku ikafika, nyimbo zikaimbwa, zikaisha. Sange akamgeukia Kiboko.

"Mzee, bado wa kwenu. Bibi yako alikuimbia nini ulipokataa kulala?"

Uso wa Kiboko ukalegea. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumuuliza habari za bibi yake. Akafumba macho, akaimba kwa sauti yake nzito:

*Hodi, hodi, wenye maji,*
*ngozi yangu yapasuka.*
*Mkinipa pa kulala,*
*nitalinda mlango wenu.*

Akarudia. Kwenye mstari wa mwisho sauti ikamkatika. Kobe akakohoa. Hakuna aliyecheka.

"Huo ni wimbo wa watoto tu," Kiboko akasema.

"Ndiyo, mzee. Na wewe uliapa."

Kiboko akayatazama maboga, akawatazama watoto wa Swala na midomo yao mikavu. Chubwi, akasogea pembeni. Wakashuka, wakanywa.

Tangu hapo Kiboko hulala mlangoni akilinda. Na kila msimu humwekea Sange boga, huku akinung'unika, ili amtafutie ubeti wa pili. Yeye Kiboko, utotoni, siku zote alisinzia kabla bibi hajaufikia.

Fundisho, wanangu: ukiwa na maboga, usimpe anayezunguka akiuliza nyimbo za bibi za watu. Nunua jembe. Jembe halijawahi kumwambia mtu kwamba yeye ni mgeni.

Hadithi yangu imekunywa maji, imerudi kwao. Mwenye swali asogee, boga lipo.